Kuiamuru Kompyuta: Historia ya Klabu za Watu wa Kujitolea

Mwalimu wa darasa namwomba awe na kipande cha chaki karibu, maana leo tutakitumia. Nanyi mnaosoma somo hili katika kitabu baada ya kulisikia redioni, someni polepole, na sentensi ikiwa ngumu irudieni.

Tumezoea historia ya wafalme na vita, ya misafara na mikataba. Ya leo ni habari ya watu wasio na cheo. Walitoa mchana mmoja wa juma, wakaketi na watoto wa wenzao, wakawafundisha kazi ambayo shule nyingi hazikuifundisha: kuandika programu za kompyuta. Hawakulipwa. Walikutana katika vyama vidogo vilivyoitwa klabu. Nasema klabu, wala simaanishi kilabu cha pombe, msicheke. Mtu akiniuliza ni nani aliyeifikisha kazi hii mikononi mwa watoto wa kawaida, nitamjibu kwamba ni hao, kabla ya wizara na kabla ya makampuni. Nitawaonyesheni kwa nini nasema hivyo, na pia mahali walipokwama.

Kwanza tulifahamu neno lenyewe. Programu ni orodha ya amri. Kompyuta ni mashini isiyojua kitu mpaka iambiwe, na ikiambiwa hufanya lile lile iliyoambiwa, hata kama ni upuzi. Simu iliyomo mfukoni mwako ni kompyuta pia. Unapomtumia ndugu yako fedha kwa simu, programu huuliza namba yako ya siri, hutazama salio, hupunguza huku na kuongeza kule, kisha hukuletea ujumbe. Kila hatua hiyo iko mtu aliyeketi akaiandika.

Sasa kumbukeni hali ya mtu asiyejua kuandika. Alikwenda kwa mwandishi wa barua, akaketi mbele yake nje ya posta, akataja siri za nyumba yake mbele ya mgeni, akalipa, kisha akaondoka na karatasi asiyoweza kuihakikisha. Barua ilikuwa yake, lakini maneno yalikuwa mikononi mwa mwingine. Wengi wenu mmejiunga na darasa hili ili msiwe katika hali ile tena. Basi leo yuko mtu ajuaye kusoma na kuandika vizuri, tena ana simu nzuri, naye amerudi pale pale nje ya posta. Anaomba mkopo katika simu, programu inamkatalia, wala hajui ni nani aliyekata shauri hilo wala kwa amri gani. Sitaki kusema kwamba kila mtu sharti awe fundi wa programu. Si kila ajuaye kuandika huwa mtunga vitabu. Lakini ni jambo kubwa kujua kwamba amri hizo ziliandikwa na mtu, na kwamba mtu mwingine angaliweza kuziandika vingine.

Hapo mwanzo kompyuta zilikuwa mitambo mikubwa ya kujaza chumba, na walioziamuru walikuwa wataalamu wa hesabu. Mwaka 1964, katika chuo cha Dartmouth huko Marekani, walimu wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitengeneza lugha ya kompyuta iitwayo BASIC ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuandika programu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1967, wengine walithubutu zaidi. Walitunga lugha kwa ajili ya watoto, wakaiita Logo. Mmoja wao alikuwa Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika ya Kusini. Wenzake walikuwa Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon. Baadaye kidogo wakatengeneza mashini ndogo yenye magurudumu na kalamu, wakaiita kobe. Mtoto huandika amri, naye kobe hutembea sakafuni na kalamu yake huchora mstari.

Tukimbie mbio ndogo na kobe huyo sasa hivi. Mwanafunzi mmoja asimame katikati ya chumba awe kobe, naye ashike chaki. Mwingine atoe amri. Amri ni mbili tu: "Mbele hatua 4," na "Geuka kulia robo ya mzunguko." Mpe kobe amri hizo mbili, moja baada ya nyingine, kisha umwambie azirudie mpaka zitimie mara 4. Tazameni sakafu. Kobe amechora mraba, na amerudi mahali alipoanzia. Hiyo ni programu kamili. Nina hakika nusu ya darasa hawakutazamia kwamba wataandika programu leo.

Sasa mkosesheni kobe kwa makusudi. Katika zamu ya tatu mwambieni, "Geuka kushoto," badala ya kulia. Kobe ataelekea mlangoni au ukutani. Je, kosa ni la kobe? Kobe ametii. Kosa limo katika orodha ya amri, na mwenye orodha aweza kulitafuta mstari kwa mstari na kulitengeneza. Mafundi wa kompyuta huliita kosa la namna hiyo "mdudu," na kazi yao kubwa ni kumwinda mdudu. Papert aliona faida hapo. Shuleni mtoto akikosa hesabu hupata alama ya mkasi mwekundu na aibu. Mbele ya kobe, kukosa ni hatua ya kazi. Hapana aonaye haya. Mwaka 1980 alieleza fikra hizo katika kitabu chake kiitwacho Mindstorms, ambacho walimu wa nchi nyingi walikisoma.

Kisha ulikuja wakati wa kompyuta ndogo za nyumbani, na hapa redio na televisheni zina sifa yao. Shirika la BBC la Uingereza, ambalo wengi wetu twalijua kwa matangazo yake ya Kiswahili yaliyoanza mwaka 1957, liliamua kuwafundisha watu wazima habari za kompyuta. Mwishoni mwa mwaka 1981 ilitokea kompyuta yenye jina la shirika hilo, BBC Micro, iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge. Mwezi Januari 1982 vikaanza vipindi vya televisheni. Ziliuzwa kompyuta zaidi ya milioni moja, na nyingi ziliingia shuleni. Mtu alipoiwasha kompyuta ile, kioo kilimngoja aandike amri. Hapakuwa na picha za kubonyeza. Watoto walinakili programu kutoka magazetini, mstari kwa mstari, wakikosea na kusahihisha, na wengi walipata ufundi kwa njia hiyo.

Halafu elimu ile ikafifia. Hili ndilo jambo la ajabu katika historia yetu. Kompyuta zilizidi kuwa nyingi, na watoto waliojua kuziamuru wakazidi kuwa wachache. Katika miaka ya 1990 kompyuta zilikuja na programu zilizokwisha tengenezwa, nzuri na rahisi. Shule za Uingereza zikafundisha namna ya kuzitumia tu: kupiga chapa barua, kupanga hesabu katika jedwali, kutengeneza picha za kuonyesha mkutanoni. Ni kama kumfundisha mtu kusoma na kumnyima kalamu. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Eben Upton na wenzake waliona kwamba vijana wanaoomba kusoma sayansi ya kompyuta wanapungua, na hao wanaokuja hawajui mengi kama waliowatangulia. Kutokana na wasiwasi huo wakabuni kompyuta ndogo sana ya bei rahisi, Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35.

Lakini kompyuta rahisi peke yake haimfundishi mtoto. Hapana budi awepo mtu wa kuketi karibu naye. Kwa hiyo twende katika mji wa Cork, kusini mwa Ireland.

Cork ni mji wa bandari. Kampuni ya Apple ilijenga kiwanda chake huko mwaka 1980. Basi palikuwa na kompyuta zinazotoka kiwandani mjini humo, na watoto wa mjini humo hawakuwa na somo la kuandika programu shuleni. Mwaka 2010 mwanafunzi mmoja wa sekondari, James Whelton, alijulikana ghafula. Alikuwa ameifungua kwa ufundi wake programu ya chombo kidogo cha muziki cha kampuni hiyo hiyo, iPod Nano, akakifanyia mambo ambayo watengenezaji hawakuyakusudia. Magazeti yakaandika habari zake. Wanafunzi wadogo wa shule yake wakamwendea: "Tufundishe na sisi." Akaanzisha klabu hapo shuleni, akawafundisha namna ya kutengeneza kurasa za intaneti.

Baadaye alikutana na Bill Liao, mfanyabiashara mzaliwa wa Australia, aliyetaka jambo hilo litoke nje ya shule moja. Mwaka 2011 wakafungua klabu ya wazi katika jumba la kampuni za kompyuta pale Cork. Wakaiita CoderDojo. Neno dojo ni la Kijapani, maana yake ukumbi wa kujifunzia michezo ya mapigano kama judo na karate. Walilichagua kwa sababu katika ukumbi ule aliyetangulia humwongoza anayefuata. Sisi twaijua desturi hiyo. Katika chuo cha Kurani cha pwani, mwanafunzi aliyekwisha pita sura fulani humsikiliza mdogo wake asome, na mwalimu huzunguka akisahihisha. Naye Frank Laubach, katika miaka ya 1930 huko Lanao, Ufilipino, alieneza kisomo cha watu wazima kwa kanuni hiyo hiyo: ajuaye amfundishe mmoja asiyejua. Kwa hiyo jambo la Cork lilikuwa jipya kwa chombo chake, na la zamani kwa njia yake.

Hebu tutazame klabu ile ilivyokwenda, maana hapo ndipo penye kiini cha habari. Waliokaribishwa walikuwa watoto na vijana wa miaka 7 hadi 17. Hapakuwa na ada. Mtoto alikuja na kompyuta ndogo ya kubebeka ikiwa nyumbani kwao ipo. Hapakuwa na mtihani wala kengele. Mmoja alitengeneza mchezo, wa pili alitengeneza ukurasa wa timu yake ya mpira, na wa tatu alitazama tu siku ya kwanza. Waliojitolea, wengi wao wakiwa mafundi wa programu wenye kazi zao za kila siku, walipita kati ya meza. Katika klabu nyingi paliwekwa agizo: uliza watatu kabla hujaniuliza mimi. Mtoto aliyekwama alimtazama jirani wa kulia, kisha wa kushoto, kisha alitafuta katika intaneti, na mwisho ndipo alipoinua mkono. Mkubwa asiyefahamu maana ya agizo hili angedhani ni uvivu wa mwalimu. Kumbe ndilo lililomfanya mtoto wa miaka 12 awe mwalimu wa mtoto wa miaka 8 katika mchana mmoja.

Kanuni ya klabu ilikuwa moja tu. Kwa Kiswahili naona neno linaloikaribia ni uungwana: zaidi ya yote, uwe muungwana. Kumdhihaki mwenzako si uungwana. Kusema uongo si uungwana. Kupoteza muda wa watu si uungwana. Kanuni ndefu zaidi hazikuhitajiwa ukumbini, ingawa nje ya ukumbi paliwekwa masharti ya kuwalinda watoto. Mzazi wa mtoto mdogo alitakiwa akae naye mpaka mwisho, asimwache mlangoni akaenda sokoni. Sharti hilo lilileta faida ambayo nadhani ni kubwa kuliko ilivyokusudiwa. Baba au mama aliyeketi saa mbili pembeni mwa mwanawe alianza kuchungulia, akauliza, akajaribu, na baadhi yao wakarudi kama wasaidizi.

Habari zilienea upesi. Wazazi walisafiri na watoto wao kutoka Dublin, mwendo wa karibu kilomita 250, kwa ajili ya klabu ya mchana mmoja. Basi Dublin nako kukafunguliwa klabu. Mwaka 2012 Dublin kulikuwa na maonyesho ya kwanza ya kazi za watoto, yaliyoitwa Coolest Projects. Hapakuwa na makao makuu ya kutoa amri kwa klabu hizi. Mtu aliyetaka kufungua ya kwake alifungua, akafuata kanuni ile moja na kutotoza ada. Kufikia mwaka 2017, klabu zilipita 1,200 katika nchi zaidi ya 60. Katika mwaka huo huo shirika lao liliungana na lile la Raspberry Pi. Na shule za Ireland? Somo la sayansi ya kompyuta kwa mtihani wa mwisho wa sekondari lilianza Septemba 2018 katika shule 40. Hesabuni wenyewe. Wenye kujitolea waliitangulia serikali kwa miaka 7.

Uingereza nako watu hawakukaa kimya. Agosti 2011, Eric Schmidt, mwenyekiti wa kampuni ya Google, alihutubia huko Edinburgh akawashutumu Waingereza kwamba wameitupa elimu yao ya kompyuta. Januari 2012 chama cha wanasayansi, Royal Society, kilitoa taarifa yenye maoni ya namna hiyo. Mwaka huo huo wanawake wawili, Clare Sutcliffe na Linda Sandvik, walianzisha Code Club. Mpango wao ulikuwa mdogo na wa wazi: saa moja kwa juma, baada ya masomo, katika shule ya msingi, kwa watoto wa miaka 9 hadi 11, wakiongozwa na mtu wa kujitolea aliyekwisha chunguzwa kama ana rekodi ya polisi.

Chombo chao cha kwanza kilikuwa Scratch, programu iliyotolewa bure mwaka 2007 na Mitchel Resnick na wenzake katika chuo cha MIT huko Marekani, nao ni wanafunzi wa fikra za Papert. Katika Scratch mtoto haandiki amri herufi kwa herufi. Amri zimeandikwa juu ya vipande vya rangi, naye huvipanga vikashikana kama matofali. Kipande kisichofaa hakishikani na mwenzake. Na jambo la kutupendeza sisi: Scratch ina Kiswahili pia. Watu wa kujitolea walizitafsiri amri zake, hivyo mtoto wa Tanga au wa Bujumbura aweza kuipanga programu yake kwa lugha anayoielewa. Yaweza pia kuwekwa katika kompyuta na kutumika pasipo intaneti.

Code Club ilifanya jambo jingine la busara. Masomo yake yaliandikwa hatua kwa hatua, yakatolewa bure, ili hata mwalimu au mtunza maktaba asiye fundi aweze kuongoza. Wasikilizaji wa Tanzania wenye umri wa kutosha watafahamu mara moja. Mwaka 1973, katika kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, viongozi wa makundi hawakuwa waganga. Walikuwa na redio, kitabu, na mafunzo mafupi, na makundi yao yalichimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Kiongozi hakuhitaji kujua kila kitu. Alihitaji kuwapo kila juma.

Kufikia Novemba 2015, Code Club ilipojiunga na shirika la Raspberry Pi, zilikuwako klabu zaidi ya 3,000 Uingereza. Kabla ya hapo, Septemba 2014, serikali ilikuwa imeliondoa somo la zamani katika shule za England na kuweka somo jipya lenye kuandika programu tangu mtoto ana miaka 5. Siwezi kusema klabu ndizo zilizoleta mabadiliko hayo. Wengi walisukuma. Lakini mbunge au waziri aliyeuliza kama mtoto wa miaka 9 anaweza kweli kazi hii, alikuwa na mahali pa kwenda kutazama.

Sasa niyaseme yale yaliyowakwaza, maana historia isiyotaja makwazo ni tangazo la biashara.

La kwanza ni fedha. Mtu wa kujitolea halipwi, lakini ofisi inayopanga klabu maelfu hulipa kodi ya nyumba na mishahara. Fedha zilitoka kwa wafadhili, na baadhi yao ni makampuni makubwa ya kompyuta. Agosti 2014 Linda Sandvik alijitoa katika bodi ya klabu aliyoianzisha. Alieleza hadharani kwamba alitakiwa asiwaseme vibaya wafadhili, naye hakutaka kunyamaza juu ya makampuni yanayokusanya habari za maisha ya watu. Mimi sikuwamo katika mkutano ule, na najua kwamba klabu isiyo na fedha hufa. Lakini swali lake ni zito. Ukimfundisha mtoto kuandika amri za kompyuta, usimfundishe kuuliza amri hizo zinamtumikia nani, umemfundisha nusu.

La pili ni faida yenyewe. Mashabiki wa klabu walikuwa wakisema kwamba kuandika programu humpa mtoto akili ya kutatua kila jambo. Basi taasisi ya utafiti wa elimu ya England, NFER, ikajaribu kwa haki. Ilizigawa shule kwa kura, hizi ziwe na Code Club na hizi zisiwe nayo, ikawapima watoto baada ya mwaka. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba watoto wa klabu walizidi wenzao katika ufundi wa kuandika programu. Lakini katika kipimo cha kufikiri kwa mpango kama wafikirivyo wataalamu wa kompyuta, hawakuwazidi. Naliona hili ni jambo la kutuliza moyo. Saa moja kwa juma ilifundisha kile ilichofundisha. Hakuna anayetazamia kwamba darasa la kushona litafundisha na upishi.

La tatu ni zito kuliko yote, nalo halijapata dawa. Mtu wa kujitolea hutoa alicho nacho, mahali anapokaa. Fundi wa programu hukaa mjini, karibu na kazi yake. Kwa hiyo klabu ziliota penye mafundi, na watoto waliozijaza mara nyingi walikuwa wale ambao nyumbani kwao kompyuta ipo na mzazi ana nafasi ya kuwapeleka. Wavulana walizidi wasichana, hata baadhi ya klabu zikatenga siku ya wasichana peke yao. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko ulipofunga kumbi, klabu nyingine zilihamia katika intaneti na nyingine zilikoma, na mtoto asiye na kompyuta nyumbani ndiye aliyeachwa nje kwanza. Shule hufika hata kijiji kisicho na fundi. Ndiyo maana naona ni habari njema kwamba Kenya, mwaka 2022, ilikubali mtaala wa kuandika programu kwa shule. Lakini mtaala ni karatasi. Utahitaji mtu wa kuketi karibu na mtoto, na hapo twarudi kwa wale wa Cork.

Najua yuko atakayeuliza: siku hizi si ziko kompyuta ziandikazo programu zenyewe, ukiziambia kwa maneno ya kawaida? Ziko. Mwandishi wa barua amerudi nje ya posta, safari hii ana mwandiko wa haraka na hatozi sana. Wewe uliyejifunza kusoma utaisoma barua yake kabla hujaitia sahihi. Asiyejua kusoma amri ataitia sahihi hivyo hivyo.

Muda wetu unakwisha, na chaki bado iko mkononi mwa kobe. Nawaachieni kazi ya juma hili. Kwa amri zile zile, mbele na geuka, mwambieni kobe achore pembetatu ya pande 3 zilizo sawa, naye arudi alipoanzia akitazama kule kule alikotazama mwanzo. Atarudia mara 3. Swali ni hili: kila pembeni ageuke sehemu gani ya mzunguko? Robo haitafaa. Wengi watajibu sudusi, yaani sehemu moja ya sita, na kobe atakwenda kombo. Jaribuni kwa miguu, msijaribu kwa mdomo. Anayepata asiwaambie wenzake jibu. Amwelekeze mmoja mpaka aone mwenyewe. Jibu litasomwa mwanzo wa kipindi kijacho. Kwaherini.